Mpinzani wa Baba Kwenye Santuri

Nyumbani kwetu kulikuwa na ubishi mmoja ambao haukuwahi kupata hakimu. Siku ile pale Usagara, nje kidogo ya Mwanza, baba na mama waliposhindana ngoma kabla hata hawajajuana majina, nani alishinda? Baba alisema yeye. Mama alisema yeye. Ushahidi ulikuwa mmoja tu, santuri, na wote wawili walikimbilia hapo hapo kujitetea.

Kwa asiyejua mambo yetu, nieleze kwanza. Kwa Wasukuma, mavuno yakishaingia ndani, ngoma mbili zinasimama uwanja mmoja, kila moja upande wake, na zinapiga kwa pamoja. Hakuna kupokezana kwa adabu na hakuna meza ya majaji. Watu wanasimama katikati, na miguu yao ndiyo kura. Wakikupenda wanakuja kwako. Wakikuchoka wanavuka kwenda kwa mwenzako, na wewe unabaki unawapigia mbuzi. Ndiyo maana manju, yule mtunzi na kiongozi wa ngoma, anaimba huku sikio moja liko upande wa pili. Anamwacha mpinzani aseme, kisha anamjibu, anamcheka, anamwibia kiitikio na kumrudishia kikiwa kimegeuzwa. Ngoma isiyo na mpinzani sisi tunaiita mazoezi.

Baba alikuwa na bendi Mwanza mjini, vijana wanne wenye magitaa ya umeme, suruali za bugaluu na nywele ambazo nikizitazama pichani nawaonea huruma bibi zangu. Walichukua nyimbo za kulimia za babu zao wakazichomeka kwenye umeme. Leo watu wa nje wanausaka muziki wa namna hiyo kwa udi na uvumba. Wakati ule, baba anasema, waliitwa wahuni tu. Walirekodi santuri moja ndefu. Upande wa kwanza waliurekodi ukumbini mjini. Upande wa pili, kwa wazo la baba ambalo mpaka leo anajisifia, waliurekodi uwanjani Usagara kwenye mashindano yenyewe, umeme ukitoka kwenye jenereta ya kuazima.

Mpinzani wao siku hiyo alikuwa kundi la wanawake kutoka ng'ambo ya ziwa, waliovuka asubuhi na kivuko cha Busisi wakiwa na majembe begani. Hawakuwa na gitaa. Walikuwa na majembe ya kugonga na manju wao, msichana mrefu, mweusi, asiyetazama chini. Huyo ndiye mama yangu.

Yumo kwenye santuri. Wimbo wa tatu, upande wa pili, gitaa la baba linauliza swali halafu linanyamaza, na katika ule mwanya, kwa mbali sana, nyuma ya mngurumo wa jenereta, unamsikia akijibu. Sauti hiyo inarudi mara kadhaa mpaka upande unakwisha. Ni sauti ndogo. Mgeni angeweza kuisikiliza santuri hiyo maisha yake yote asiigundue. Sisi tulioneshwa tangu utotoni mahali pa kutega sikio, na tulijua.

Kwa nini tulijali kiasi hicho? Kabla sijaanza shule, mama alifanyiwa upasuaji wa tezi la shingo. Alirudi nyumbani mzima, lakini sauti iliyorudi naye ilikuwa ya kukwaruza, ya kuongelea tu. Hakuimba tena. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo, akafuatisha kwa macho, mdomo kaufunga. Mimi, mwanawe wa kumzaa, sijawahi kumsikia mama yangu akiimba isipokuwa katika ile mianya ya gitaa la baba.

Jumapili baada ya chakula baba aliweka upande wa pili. Wimbo wa tatu ukifika kwenye mwanya, aliinua kidole cha shahada na kugeuza shingo kidogo kuelekea jikoni.

"Huyo," alisema.

Na jikoni mama alijibu kwa ile sauti yake iliyobaki kwamba anamshukuru sana baba kwa kumrekodia ushindi wake bure. Baba akamuuliza kama hasikii makofi na vigelegele vyote viko upande wa magitaa. Mama akasema kipaza sauti kilikuwa upande wa magitaa, kingeletwa kwake tungesikia mengine. Baba akasema mshindwa hakosi sababu. Mama akatoka na mwiko mkononi ili amjibu vizuri. Tulikula Jumapili zetu zote katika hali hiyo, na naomba nieleweke, ilikuwa nyumba yenye furaha.

Mama alipofariki, baba aliendelea kuweka upande wa pili. Santuri ilikuwa imechakaa, inatatarika kama mafuta kikaangoni, na mama alizidi kuzama ndani ya mikwaruzo. Baba hakuona tofauti, na mimi nilijua sababu, kwa kuwa kazi yangu ni kupima masikio ya watu. Baba alisimama mbele ya spika ujana wake wote. Sauti nene anazisikia barabara. Sauti nyembamba za juu, kama ya mwanamke anayeimba ng'ambo ya uwanja, zilishamtoka zamani. Nilimpima mwenyewe, nikamwonesha mchoro, nikamtengea vifaa vya kuvaa masikioni. Alivitazama kama mtu aliyepewa hereni. Akasema akivaa vile vidude watu watadhani amezeeka. Anakaribia miaka themanini.

Basi kampuni moja ya nje, ya watu wanaopenda sauti safi kupita kiasi, ikaandika kwamba utepe wa awali wa santuri ile umepatikana, na wanataka kuitoa upya. Hawakutaka kuitoa hivi hivi. Walitaka sahani nene, iliyochongwa taratibu, kwa ajili ya wasikilizaji wanaofunga mapazia, wakakaa peke yao mbele ya spika ndefu kama milango, wakasikiliza. Nawaelewa watu hao. Mimi ni mmoja wao. Sebuleni kwangu Mkuyuni nina mashine ya santuri na spika ambazo wageni wakiingia wanazisalimia kwanza. Nilikubali kusimamia jambo hilo kwa niaba ya baba, na sikuwa na shaka kwamba nalimudu. Makubaliano yalikuwa rahisi: hakuna kitakachotoka mpaka baba asikilize sahani ya majaribio na kuridhika.

Aliyeileta alikuwa fundi wao wa sauti, Mtanzania mwenzetu, Mhaya aliyesomea kazi hiyo huko huko nje, makini, mpole, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Alimsalimia baba shikamoo kwa mikono miwili. Baba aliitikia marahaba, kisha akataka kujua kama ndizi zimeisha Bukoba hata Wahaya waje kutengeneza muziki wa Kisukuma. Fundi akajibu kwamba ndizi zipo, mzee, ila kwao wote ni wasemaji, yeye ilimbidi atoke akatafute kazi ya kusikiliza. Baba akacheka mpaka akakohoa. Nikajua kijana huyu ataelewana na sisi.

Upande wa kwanza ulinivua kofia. Nimezoea kutosifia vifaa ovyo, maana wauzaji wake wengi ni waongo, lakini siku ile nilisifia. Nilisikia ukucha wa baba ukigusa waya kabla waya haujalia. Nilisikia mpiga besi, marehemu sasa, akivuta pumzi. Ukumbi wenyewe ulisikika, ukubwa wake na dari yake. Baba alifumba macho akawa anapiga magoti yake kwa viganja. Besi anaisikia vizuri, na besi ilikuwa imesimama sebuleni kama mtu wa nne.

Fundi akageuza sahani.

Kitu cha kwanza nilichokikosa ni jenereta, na nikafurahi. Jenereta iondoke, hatuna undugu nayo. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, safi kabisa. Ukaja wa tatu. Gitaa la baba likauliza swali lake, likanyamaza, na baada yake hapakuwa na kitu. Palikuwa kimya kama chumba kilichohamishwa fanicha. Nilitega sikio zaidi, nikidhani nimechelewa. Gitaa likauliza tena. Kimya tena.

Baba akainua kidole.

"Huyo," akasema, na akageuza shingo kidogo kuelekea jikoni kwangu.

Fundi akatabasamu. Alimwona mzee ameguswa, akaona kazi yake imefika. Mimi nilisimama nikainua sindano.

Nina hasira za karibu, na sizifichi. Nilimuuliza fundi sauti zilizokuwa katika mianya ziko wapi. Akanieleza bila wasiwasi, tena kwa fahari ya mtu aliyefanya kazi ngumu, kwamba chini ya upande huu wote kulikuwa na mngurumo wa jenereta na kelele za watu kwa mbali, pengine gulio, na kwamba alikaa nazo muda mrefu sana, mwanya kwa mwanya, mpaka akazitoa zote bila kuligusa gitaa. Wanunuzi wa sahani hizi, alisema, ukimya kati ya noti na noti ndio wanaoupenda kuliko vyote. Kwao Kagera pia, mpiga nanga, ala yao ya nyuzi, akianza, nyumba nzima inanyamaza ili asikike. Aliona ni heshima kumpa mzee ukimya wa namna hiyo.

Kosa lilikuwa hapo, na ni kosa la mtu mwenye adabu. Alidhani muziki wa baba ulikuwa wa kusikilizwa peke yake.

"Ile si kelele," nilimwambia. "Ni ngoma ya pili. Baba ananyamaza pale ili ajibiwe. Umemwacha anaongea peke yake kama kichaa." Nikamweleza habari ya uwanja, na miguu, na kura. Alisikiliza vizuri, lazima nimpe hilo. Halafu nikamwambia lililobaki. "Na manju wa ile ngoma ya pili ni mama yangu. Hana sauti nyingine popote."

Fundi akaweka glasi yake ya maji mezani.

Baba alikuwa hasikii tunachosema, lakini macho yake ni mazima. Akauliza tunagombana nini. Hapo nilisita. Mzee alikuwa amemsikia mkewe. Masikio yake yaliyochoka yalikuwa yamempa zawadi ambayo mashine yangu yote ya fahari ilishindwa kunipa mimi. Ningeweza kumwambia hakuna kitu, tukaendelea na chai, tukampa fundi mkono. Lakini sahani ile ingekwenda duniani bila mama, ikabaki huko hata baba na mimi tukishaondoka, na anayeisikiliza angesikia mwanamume mmoja anayekatiza gitaa lake bila sababu. Nilimkalia karibu, upande wa sikio lake zuri.

"Baba, mama hayumo humu."

"Nimemsikia sasa hivi."

"Umemkumbuka, baba. Hayumo."

Kila siku ya kazi nawaambia watu kwamba hawasikii tena vitu fulani. Nimewaambia walimu, mapadri, na mama mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni. Sijawahi kusema neno lililoniumiza kama lile. Baba alinitazama, akaitazama mashine, kisha akaomba ule wimbo urudishwe. Akainuka, akaenda akaweka kiganja chake juu ya spika na kuinamisha kichwa. Mwanya ukaja, ukapita. Ukaja mwingine, ukapita. Safari hii hakuinua kidole.

Akamgeukia fundi. Hakukasirika, aliuliza kama mtu anayemuulizia mwenzake kituoni.

"Kijana, mpinzani wangu umempeleka wapi?"

Fundi alisema yupo, mzee, yupo salama kwenye utepe. Hakumharibu, alimfunika tu. Ila alikuwa mkweli: mama na jenereta wamekaa mahali pamoja, na ukimtaka mmoja itabidi umvumilie na mwenzake kidogo. Sahani haitakuwa na ule ukimya. Waliomtuma wanaweza kukataa kuitoa, kwa maana walio tayari kuinunua wanataka usafi. Baba akasema kama hawamtaki mpinzani wake basi wasitoe, wala asilaumiwe mtu. Bila yule mwanamke, alisema, yeye anaonekana mjinga, anaacha kupiga katikati ya wimbo kama aliyesahau. Nikaongeza kwamba makubaliano ni yale yale, baba asiporidhika hakuna kitakachotoka. Fundi aliondoka na sahani yake chini ya kwapa, na sikujua kama atarudi.

Siku chache baadaye, asubuhi, nilifungua mlango wa chumba changu cha kazi niite mgonjwa anayefuata, na aliyekuwa kwenye benchi ni baba. Alitoka Usagara bila kunipigia simu, kavaa koti la harusi, akapanga foleni kama wengine. Wauguzi wanamfahamu, wakataka kumpitisha, akakataa. Aliingia, akakaa, akasema anataka vile vidude.

Nilimuuliza habari ya watu kudhani amezeeka.

"Nimezeeka," alisema. "Fanya kazi yako."

Nilimvalisha, nikarekebisha pole pole, nikazungumza naye kwa sauti ya kawaida kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Alikaa akisikiliza chumba. Alipoondoka alisimama katikati ya korido, akatembea hatua mbili mbele, mbili nyuma, akarudi kuniambia kwa masikitiko kwamba kumbe viatu vyake vinalia, na hakuna mtu aliyekuwa na utu wa kumwambia.

Fundi alirudi. Alinipigia kwanza, sauti imechangamka, akasema wenzake wamekubali. Aliwatumia ule upande wa pili ukiwa haujasafishwa, kama ulivyo, pamoja na maelezo kuhusu uwanja na miguu ya watu, na mmoja wao akamjibu kwamba sasa ndiyo ameelewa kwa nini gitaa linanyamaza. Safari hii hakutoa kitu ambacho hakukiulizia. Jenereta ameishusha kwa mkono, kidogo kidogo, kila alipoweza bila kumgusa mama, na pale aliposhindwa ameiacha.

Baba alitaka isikilizwe kwake, Usagara, kwa hiyo nilipakia mashine na spika zangu kwenye gari nikizifunga mablanketi kama wagonjwa. Fundi akaomba aone kwanza wale wanawake walitokea wapi. Tukampeleka kwenye daraja jipya lililochukua nafasi ya kivuko. Tulivuka ziwa mpaka Busisi na kugeuza, na fundi akasema kwa mwendo huu wale wanawake wasingepata nafasi ya kumaliza hata wimbo mmoja wa njiani. Baba akamwambia ndiyo maana siku hizi hakuna manju wazuri, hakuna mahali pa kufanyia mazoezi. Uwanja wenyewe wa mashindano tuliupita wakati wa kurudi. Una maduka ya mabati na malori yanayosubiri kuelekea Shinyanga, na baba hakugeuza hata shingo kuuangalia.

Tuliweka spika sebuleni kwake, mbele ya kochi ambalo mama alipenda kukaa mwishoni mwake, karibu na mlango wa jikoni. Baba akagusa masikio yake kuhakikisha vidude vipo. Fundi akashusha sindano upande wa pili.

Jenereta ilikuwepo, imetulia nyuma kama mtu anayekoroma nyumba ya jirani. Wimbo wa kwanza, wa pili. Wa tatu. Gitaa likauliza, likanyamaza, na mama akajibu.

Sitaweza kueleza vizuri, lakini nitajaribu. Sauti niliyoijua ilikuwa uzi tu, kitu cha kukisia. Hii ilikuwa na mwili ndani yake. Alikuwa mbali, ndiyo, ng'ambo ya uwanja, lakini alikuwa msichana mzima aliyesimama kwenye udongo na kuutupa wimbo kwa nguvu za kifua chake, majembe yakimgongea, na mwishoni mwa mstari aliipandisha sauti ghafla na kuikata, kwa dharau tamu ambayo niliifahamu mara moja. Ndivyo alivyokuwa akiikata sauti yake iliyokwaruza anapombishia baba kutoka jikoni. Nililia pale pale, mbele ya fundi, na sikujificha. Baba alikuwa ameinua mkono nusu, kidole kimenyooka, na mkono ukabaki hapo hapo hewani. Hakusema "huyo." Hakugeuza shingo. Alikuwa anamsikia.

Ukaja wimbo wa mwisho. Katika santuri ya zamani wimbo huo unafifia ukiwa umechangamka, unapotea tu, na sisi siku zote tuliambiwa utepe uliisha. Makofi yalikuwa mengi mwanzoni, karibu kabisa, upande wa magitaa. Kisha nikaanza kusikia jambo ambalo santuri ya zamani haikuwahi kunionesha. Makofi yalipungua. Kigelegele kilichokuwa mkono wa kulia kwetu kilisikika tena, lakini mbali zaidi. Miguu ilikuwa inasaga majani makavu, mingi, ikiondoka. Na kule ng'ambo, nyuma ya sauti ya mama, vishindo viliongezeka. Kazi yangu ni kusikia. Watu walikuwa wanavuka. Nilimtazama baba, naye alikuwa anatazama sakafu.

Tukafika mahali pa kufifia, na wimbo haukufifia. Fundi alisema kwa sauti ya chini kwamba utepe haukuwa umeisha, watengenezaji wa zamani ndio waliokata, na yeye aliogopa kuondoa kitu tena. Gitaa la baba liliyumba noti mbili, tatu, likanyamaza. Ukasikika mgongo wa gitaa ukiwekwa chini, kwa uangalifu. Ngoma na besi viliendelea kidogo bila kujua viende wapi. Mtu mmoja akacheka na kuita kwa Kisukuma, unakwenda wapi wewe? Hakujibiwa. Kilichobaki ni majembe na mama.

Fundi akauliza anayeitwa ni nani.

"Mimi," baba akasema.

Alisema watu walikuwa wamekwisha vuka wote. Alibaki na wenzake, mtu wa kurekodi, na mbwa mmoja. Akaona haina maana, akaweka gitaa, na yeye akavuka kwenda kusikiliza vizuri. Alisimama mbele kabisa mpaka yule manju akamwona.

Nilikuwa nacheka na bado machozi hayajakauka, na nilikuwa na hasira pia, hasira ya mtu aliyesikiliza ubishi miaka yote juu ya jambo lililokuwa limeamuliwa. "Kwa hiyo alishinda," nilisema. "Ulijua. Na yeye alijua, alikuona ukija. Sasa ule ubishi wote ulikuwa wa nini?"

Sindano ilikuwa bado inatembea, na mama alikuwa bado anaimba.

"Waliporudi na mama yako kutoka hospitali alikataa kusema," baba alisema. "Aliionea haya ile sauti. Hata wewe alikuita kwa mkono tu. Basi nikaweka santuri, nikamwambia, unaona, siku ile nilikushinda. Akakasirika. Akanijibu." Alishika ukingo wa kochi, upande ule wa karibu na jikoni. "Ningekubali kwamba alishinda, angenyamaza."

Kwenye sahani, mama alifika mwisho wa mstari, akaipandisha sauti, akaikata. Kisha majembe yakashuka na yeye akanyamaza, kama anavyotakiwa manju, akaacha mwanya wa mpinzani. Hapakuwa na gitaa la kuujaza. Gitaa lilikuwa chini kwenye majani, na mwenyewe alikuwa njiani anavuka uwanja.

Baba akafungua mdomo akamjibu. Alianza chini mno na sauti ilikwaruza, lakini aliingia mahali pake hasa, na mama akampokea.